Kumfundisha Mtoto, Kijana na Mzee Kuiamuru Kompyuta: Utangulizi

Mwalimu anayekabidhiwa somo la kompyuta katika shule ya Matinyani, magharibi mwa mji wa Kitui, huanza kwa kuhesabu alivyo navyo: vishikwambi vingapi bado vinawaka, vipakatalishi vya walimu, projekta, umeme unaokuja na kuondoka. Hesabu hiyo ni ya lazima, wala sitaibeza. Lakini taaluma ninayokukaribisha humu inaanzia kwingine. Inauliza: huyu mwanafunzi aliyeketi mbele yangu anadhani kompyuta inafanya nini anapoiamuru? Mtoto wa miaka 7 ana jibu lake. Mvulana wa kidato cha tatu ana lake. Mama wa miaka 55 anayeweka hesabu za chama cha akiba na mikopo ana lake pia. Majibu hayo hayafanani, na karibu yote yana kasoro mahali fulani. Mwalimu anatakiwa kuyajua na kuyanyoosha. Mtafiti anatakiwa kueleza yanatoka wapi na kwa nini mengine hayatoki hata baada ya muhula mzima wa mafunzo. Basi hiyo ndiyo elimu ya sayansi ya kompyuta, na mtu wa Matinyani anaweza kuifanya vizuri hata kabla ya kupata kompyuta ya pili.

Taaluma hii ina umri wa takriban miaka 60, na mmoja wa waasisi wake alizaliwa barani mwetu. Seymour Papert alizaliwa Pretoria, Afrika Kusini, mwaka 1928. Alisomea hisabati, kisha akaenda Geneva kufanya kazi na Jean Piaget, mwanasaikolojia aliyetumia maisha yake kuchunguza jinsi watoto wanavyojijengea maarifa. Mwaka 1967, akiwa Marekani, Papert pamoja na Wallace Feurzeig na Cynthia Solomon walitunga Logo, lugha ya programu iliyokusudiwa watoto tangu mwanzo. Wakati huo kompyuta zilikuwa mali ya vyuo vikuu, majeshi na makampuni makubwa. Wazo la kumwachia mtoto wa shule ya msingi aiamuru mashine kama hiyo lilikuwa geni kabisa. Baadaye Logo ikapata kobe wake. Kwanza alikuwa roboti ndogo ya kutambaa sakafuni, kisha akawa alama kwenye skrini. Kobe huenda mbele, hurudi nyuma, hugeuka kulia au kushoto, na huacha mstari anapopita.

Mpe mtoto wa gredi ya 6 kobe huyu. Lugha ya Python inaye mpaka leo, na haidai senti. Mwambie achore mraba, naye atafika baada ya majaribio machache: mbele 100, kulia 90, rudia mara 4. Sasa mwambie achore pembetatu yenye pande zilizo sawa. Katika hisabati amefundishwa kwamba kila pembe ya umbo hilo ina digrii 60, kwa hiyo anaandika: mbele 100, kulia 60, rudia mara 3. Kobe anachora pande tatu zisizokutana, nusu ya umbo la pande sita, na kusimama. Mtoto anatazama skrini, anarudia kuandika yale yale, anapata yale yale.

Mwalimu mwenye haraka atasema, "Weka 120," na somo litaendelea. Mwalimu aliyeiva katika taaluma hii atamtoa mtoto nje, amchoree pembetatu mchangani, kisha amwambie aifuate kwa miguu yake. Akifika kwenye kona, mtoto atahisi mwilini kwamba hageuki kwa pembe iliyo ndani ya umbo. Anageuka kwa ile ya nje, pembe kubwa, karibu arudi alikotoka. Na atakaporejea alipoanzia, uso ukielekea kule kule ulikoelekea mwanzo, atakuwa amezunguka digrii 360 kamili. Ukigawa 360 kwa 3 unapata 120. Kuanzia hapo hahitaji kuambiwa pembe ya umbo la pande 5 wala 12, na akijaribu pande 36 atapiga kelele za furaha, maana atakuwa amepata duara.

Nimekawia hapa makusudi. Jibu la digrii 60 lilikuwa kosa lenye akili ndani yake: mtoto alichukua ukweli anaoujua na kuupeleka mahali usipofanya kazi. Makosa mengi tutakayokutana nayo katika umri wowote ni ya namna hiyo. Hayaondoki kwa kukemewa, na hayaondoki kwa mwanafunzi kupewa jibu.

Papert alichapisha kitabu chake *Mindstorms* mwaka 1980, na katika miaka iliyofuata shule nyingi za Marekani na Uingereza ziliikumbatia Logo kwa matumaini makubwa mno. Wapo walioahidi kwamba mtoto akijua kuandika programu atafikiri vizuri zaidi katika kila jambo. Roy Pea na Midian Kurland, watafiti wa New York, wakaipima ahadi hiyo, na mwaka 1984 wakaeleza matokeo: watoto waliojifunza Logo hawakuonekana kupanga kazi nyingine vizuri kuliko wenzao wasiojifunza. Papert alijibu kwamba si haki kuuliza Logo imefanya nini, kwa kuwa kinachofundisha ni mazingira yote ya darasa na wala si chombo kimoja. Naona kila upande ulishika ukweli wake. Ujuzi wa kompyuta hauruki wenyewe kwenda kwenye kilimo, hisabati au uandishi wa insha; huvuka pale mwalimu anapojenga daraja kwa makusudi. Nakuomba uyakumbuke majibizano haya utakaposikia, kama unavyosikia leo, kwamba kila mtoto wa Kenya akifundishwa kuandika programu matatizo ya ajira yatakwisha.

Mwaka 1986 Pea aliandika jambo ambalo kwangu ni zito zaidi. Alieleza kosa moja analoliona kuwa mzazi wa mengine: mwanafunzi huamini, bila kujua kwamba anaamini, kuwa ndani ya mashine kuna akili inayoelewa alichokusudia. Anaacha hatua moja kwa sababu "inaeleweka tu". Anaipa namba jina la "kubwa" na kutarajia mashine ijue kwamba ni lazima iwe kubwa. Benedict du Boulay, nchini Uingereza, alikuwa ameonyesha upande wa pili wa suala hilo: kila anayejifunza anahitaji picha nyepesi lakini sahihi ya kile mashine inachofanya, hatua kwa hatua. Asipopewa picha hiyo, atajitengenezea yake.

Hapa natofautiana na hoja inayopendwa sana tunapozungumzia Ukambani. Husemwa kwamba mama anayesuka kikapu cha kyondo tayari ni mwandishi wa programu, kwa kuwa anahesabu nyuzi, anarudia mzunguko na kubadilisha rangi kwa mpango. Heshima hiyo kwa fundi ni njema, na mwalimu ana haki ya kuutumia mfano huo kueleza marudio. Lakini fundi huyo anajisimamia mwenyewe: uzi ukikatika anajua la kufanya, hesabu ikimpotea anarekebisha kwa jicho. Ugumu wa kuandika programu unaanza pale anapotakiwa kumwandikia mtu ambaye hajawahi kuona kyondo, asiyeweza kumuuliza swali, na atakayefuata kila neno jinsi lilivyo. Zoezi hilo ni zuri mno kwa darasa la watu wazima. Waandike maelekezo ya safu tatu tu, kisha mwingine ayafuate bila kusaidiwa. Safu ya kwanza haitaisha kabla ya kubainika ni mambo mangapi hayakuandikwa.

Kijana wa sekondari ana shida nyingine. Mwandikie ubaoni mistari mitatu:

a = 5
b = a
a = 9

Muulize: sasa b ni ngapi? Wengi watasema 9. Wametoka darasa la hisabati walikofundishwa, kwa usahihi kabisa, kwamba alama ile ina maana pande mbili ni sawa, na zikishakuwa sawa zimekuwa sawa. Katika Python na lugha nyingi za programu, mstari wa pili unaagiza kitendo kimoja kinachofanyika mara moja: chukua thamani iliyomo katika a wakati huu, iweke katika b. Baada ya hapo kimoja hakina habari ya kingine. Jibu ni 5. Kijana asiyepitishwa hapa polepole ataandika programu zinazofanya kazi kwa bahati, na ataingia kwenye karatasi ya vitendo ya mtihani wa kitaifa wa KCSE akiwa anakariri.

Wala tusidhani ni udhaifu wa shule zetu. Mwaka 2001 kundi la watafiti lililoongozwa na Michael McCracken liliwapima wanafunzi 216 wa vyuo vikuu vinne katika nchi mbalimbali, wote wakiwa wamemaliza masomo yao ya mwanzo ya programu. Wastani ulikuwa alama 22.89 kati ya 110. Matokeo hayo yaliishtua taaluma nzima, na utafiti mwingi mzuri uliofuata ulizaliwa na mshtuko huo. Tuligundua kwamba tumekuwa tukiwataka wanafunzi waandike kabla hawajajua kusoma. Hakuna anayemfundisha mtoto Kiswahili kwa kumwambia atunge insha siku ya kwanza, lakini ndivyo tulivyokuwa tukifanya katika programu.

Dawa zilizopatikana zinaifaa shule yenye kipakatalishi kimoja na wanafunzi 50 kuliko nyingi zilizozitangulia. Sue Sentance na wenzake, Uingereza, walipanga somo lianze na utabiri: programu fupi inaonyeshwa ukutani kwa projekta, kila mwanafunzi anaandika daftarini anachodhani kitatokea, ndipo mashine inawashwa. Wakishaona, wanaichunguza, wanaibadilisha kidogo, na mwishoni kabisa wanatunga yao. Thamani kubwa iko katika zile dakika za utabiri, na kompyuta moja inatosha darasa zima. Dale Parsons na Patricia Haden, wa New Zealand, walikuja mwaka 2006 na mazoezi ambamo mistari ya programu imekwisha kuandikwa ila imevurugwa mpangilio; mwanafunzi anaipanga upya. Andika mistari hiyo kwenye vipande vya katoni, vikate kwa mkasi, uwape wanafunzi wawili wawili. Watabishana juu ya mpangilio, na hapo ndipo wanapojifunza.

Kwa watoto wadogo New Zealand ilitupa tena zawadi. Tim Bell, Ian Witten na Mike Fellows walikusanya katika miaka ya 1990 mazoezi ya sayansi ya kompyuta yasiyohitaji kompyuta. Moja linahitaji uwanja na majivu tu. Unachora njia sita zinazokutana mbili mbili kwenye miviringo 12, na watoto sita wanaingia kila mmoja akiwa na namba mkononi. Wakikutana wawili kwenye mviringo wanalinganisha: mwenye namba ndogo anashika njia ya kushoto, mwenye kubwa ya kulia. Wanapotokea upande wa pili wamejipanga kuanzia ndogo hadi kubwa, na hakuna aliyewapanga. Miviringo ni 12, ila kwa kuwa jozi kadhaa hukutana kwa wakati mmoja, kazi yote huisha katika raundi 5. Mtoto wa gredi ya 3 anaweza kuliona hilo kwa macho yake, na ni wazo ambalo wanafunzi wa chuo kikuu hulisomea muhula. Halafu waulize: tukianzia upande wa pili na kurudi nyuma, namba zitajipanga? Waache wajaribu. Katika umri huo eleza kwa Kikamba kama ndiyo lugha ya darasa; mtaala wa umilisi unairuhusu lugha ya eneo katika gredi za chini, na fikra hazipotezi chochote.

Kati ya hao wadogo na vijana wa sekondari kuna Scratch, iliyotolewa mwaka 2007 na kundi la Mitchel Resnick katika chuo cha MIT, ambamo mtoto huunganisha vipande vya maagizo badala ya kuandika. Inapatikana kwa Kiswahili, na mtoto anayepata shida na tahajia ya Kiingereza huachwa apambane na jambo moja kwa wakati mmoja.

Watu wazima wanastahili nafasi kubwa kuliko wanayopewa na vitabu. Muuzaji wa ndengu sokoni, mwenye simu ya mulika mwizi, amekuwa akipita katika menyu za M-Pesa tangu huduma hiyo ilipoanza Machi 2007 au muda mfupi baadaye. Ukimchorea menyu hiyo kama njia zinazogawanyika, kila chaguo likizaa mengine, ataifuata bila taabu, kwani ameitembea mara nyingi kuliko mwalimu. Na lile kosa la Pea, la kudhani mashine inaelewa kusudi, yeye limeshamtoka kwa njia chungu. Anajua kwamba tarakimu moja ikikosewa pesa huenda kwa asiyemjua, maana mashine imefuata kilichoandikwa. Muulize kwa nini siku hizi huonyeshwa jina la mpokeaji na kupewa nafasi ya kusitisha. Atakujibu vizuri, na jibu lake ni somo la kwanza la masharti: ikiwa jina silo, simamisha, vinginevyo, tuma.

Watu wazima pia huja na picha zao. Wengi hupitia hesabu za chama kwenye lahajedwali, wakijifunza kwamba kisanduku kikiandikwa "sawa na A2" hubadilika kila A2 inapobadilika. Mtu huyo akiiona ile mistari mitatu ya ubaoni atasema b ni 9, na kwenye lahajedwali yake angekuwa sahihi. Kijana na mama wanatoa jibu moja kwa sababu mbili, mmoja akitoka kwenye hisabati na mwingine kwenye daftari la mikopo. Mwalimu anayewasahihisha kwa maneno yale yale atamsaidia mmoja na kumchanganya mwingine. Ningeombwa kutoa sababu moja tu ya kusoma taaluma hii kwa kufuata umri wa wanafunzi, ningetoa hiyo. Umri unakuambia mtu ametoka wapi kabla ya kufika kwako.

Sasa Kenya. Mwaka 2016 serikali ilianza kupeleka vifaa vya kidijitali katika shule za msingi za umma: vishikwambi kwa watoto wa darasa la kwanza, vipakatalishi kwa walimu, na projekta. Vilifika zaidi ya milioni moja, katika shule zaidi ya 20,000. Vilikusudiwa kusaidia masomo mengine, na kuandika programu hakukuwa lengo lake. Aprili 2022 Taasisi ya Kukuza Mitaala ya Kenya (KICD) iliidhinisha silabasi ya programu ya kampuni ya Kodris Africa kwa shule za msingi na sekondari. Januari 2023 gredi ya 7 ya kwanza iliingia sekondari ya chini, sayansi ya kompyuta ikiwa somo la hiari. Baadaye, masomo yalipopunguzwa, iliunganishwa na biashara ndani ya somo la lazima la stadi za awali za ufundi. Januari 2026 kundi hilo hilo lilifika gredi ya 10.

Sioni kuunganishwa huko kuwa msiba. Somo la hiari lingebaki la shule zenye maabara, na shule nyingi za Kitui na Makueni zingelikosa. Ndani ya somo la lazima, kila mtoto anapata haki ya kukutana nalo. Hatari ni kwamba litamezwa, lifundishwe kama orodha ya sehemu za kompyuta za kukariri: hii ni kibodi, hiki ni kichapishi. Litanusurika mikononi mwa mwalimu mwenye picha sahihi ya mashine kichwani na mwenye hamu ya kujua picha iliyo kichwani mwa mwanafunzi. Tulianza na vifaa, mwalimu akafuata nyuma, na naamini mpangilio huo ulikuwa wa kinyume.

Utafiti niliokutajia hapa, kwa sehemu kubwa, umetoka Marekani, Uingereza na New Zealand. Watoto waliochunguzwa huko hawafikiri kwa Kikamba nyumbani, Kiswahili sokoni na Kiingereza darasani, na watu wazima wao hawakukutana na kompyuta kwanza kupitia menyu ya simu ndogo. Chuo Kikuu cha Kusini Mashariki mwa Kenya, kilichopewa hati yake mwaka 2013, kiko Kwa Vonza, ndani ya kaunti hii hii ya Kitui; anayetaka kulisomea swali hili hana haja ya kusafiri mbali. Na wewe mwalimu wa Matinyani, wa Kauwi au wa mji wa Wote, usisubiri shahada. Tenga daftari moja. Mwanafunzi akitoa jibu la ajabu, liandike jinsi alivyolisema, kwa lugha aliyoitumia, na umri wake pembeni, kisha muulize amelipataje na uandike hilo pia. Mwisho wa mwaka lilete daftari hilo kwenye mkutano wa walimu wenzako mlisome pamoja.